Hatua ya Nne

Siku hizo kila mtu mzima alivaa kifuani beji iliyoonyesha amefikia hatua ya ngapi ya kukomaa, na aliyechelewa alikomazwa haraka kliniki kwa saa moja tu. Atupele, fundi cherehani wa Tukuyu, alikuwa na miaka arobaini na bado yuko hatua ya nne, kwa sababu alitetemeka kila alipotakiwa kusema mbele za watu.

Dada yake Tusekile, aliyeharakishwa hivyo mwaka uliopita, ndiye aliyempeleka kliniki. Muuguzi alipomwita, Atupele aliinuka, kisha akasimama palepale.

"Mwezi uliopita nilisoma tangazo zima kanisani," alisema, sauti ikimtetemeka. "Bado najifunza. Niacheni niendelee mwenyewe."

"Utabaki hatua ya nne, mama, pengine mpaka uzeeni," muuguzi alimwambia.

"Basi nitabaki."

Foleni nzima ilimsikia. Alipotoka nje alijihisi mwepesi kama aliyetua mzigo wa kuni, akacheka peke yake barabarani. Alitarajia kugombezwa, lakini Tusekile alimfikia, wakatembea pamoja. Walipokuwa nyumbani wakimenya ndizi ndipo akauliza, "Uliposoma lile tangazo, ulijisikiaje?"

"Niliogopa mpaka nikasoma mstari mmoja mara mbili. Nilipomaliza nikafurahi mpaka nikalia."

Tusekile aliweka kisu chini.

"Mimi nahutubia watu mia tano," alisema taratibu, "na sijisikii chochote. Hebu niambie tena, mdogo wangu. Ilikuwaje?"

Atupele akasogeza kigoda karibu naye, akaanza kumsimulia upya, bila haraka.