Pumu ya Sultani

Kifua cha farasi kilikuwa kizima, na hilo ndilo lililomtoa Sospeter jasho.

Alihamisha stetoskopu kutoka ubavu wa kulia kwenda wa kushoto. Hewa iliingia na kutoka bila mkoromo wala mluzi. Akampima joto, akamchungulia puani, akamziba pua kwa mfuko ili avute pumzi ndefu, kama alivyoona kwenye simu akiwa njiani. Sultani akaunyakua mfuko na kuutafuna. Kikohozi? Hata chembe.

"Umeona nini?" aliuliza Careen, mwenye hoteli, akiwa mlangoni mwa banda. Sultani alikuwa farasi wake pekee, kazi yake kubeba maharusi ufukweni. "Kama hujui, sema, daktari. Nitaleta mtu wa Dar, na mkuu wako nitamwambia Mafia ina afisa mifugo wa mbuzi tu."

Laiti angejua! Farasi wa mwisho Sospeter kumwona kwa karibu alikuwa wa kwenye kalenda. Lakini siku alipokaribishwa pweza wa nazi hapo hotelini, alijitapa kwamba farasi amewatibu mpaka amewachoka. Mdomo ndio uliomponza, na sasa kazi yenyewe ilikuwa mashakani.

Akamgeukia Kombo, mtunza farasi, mwenyeji wa kijiji cha Ndagoni, ambaye peke yake ndiye aliyekisikia hicho kikohozi. "Hebu nieleze, bwana Kombo. Anakohoa vipi?"

Kombo hakungoja kuulizwa mara mbili. "Kukicha tu, daktari, moshi wa makumbi ya nazi ukimfikia, kifua kinambana. Anapumua kwa mluzi. Halali. Hata akitaka kucheka, pumzi inakatika."

Sospeter hakuwa na hakika kama farasi hucheka. Aliandika hivyo hivyo.

"Pumu," alitamka, kwa sauti ya mtu aliyesoma. "Pumu ya farasi. Majani yake yamwagiwe maji yasitoe vumbi, na avute dawa."

"Dawa ya farasi tutaipata wapi?" Careen akauliza.

"Ni hiyohiyo ya binadamu. Kile kichupa cha buluu."

"Hiyohiyo kabisa?" Kombo aliuliza, macho yamemtoka. "Maana kwenye zahanati yetu hatujakiona tangu mfungo wa Ramadhani."

"Hiyohiyo. Ila mtu anavuta mara mbili, farasi mara kumi."

Ama kweli, wenye nacho wana raha! Careen alipiga simu moja tu, na kesho yake vichupa sita vikashuka na ndege kutoka Dar, vimeviringishiwa pamba kama mayai. Kombo akakata dumu la mafuta ya kula, akatengeneza kifuniko cha pua ya farasi, kisha akaomba jambo moja: dawa aitoe yeye peke yake, alfajiri, kwa sababu Sultani ana haya mbele za watu.

Wiki ya pili Kombo alileta habari mwenyewe, uso umemchangamka. "Alhamdulillahi, daktari. Sasa analala fofofo."

Careen alimkumbatia Sospeter mbele ya wageni. Tangu hapo, kila akipita hotelini Sospeter alisikiliza kifua cha Sultani, akakuta kizima, akaisifu dawa. Akakisifu hata kile kifuniko, hakina unywele wala ute. "Wewe msafi sana, Kombo."

Akaandika ripoti ya kurasa kumi na nne juu ya ushindi dhidi ya pumu ya farasi visiwani. Dodoma wakamwita akaisome mbele ya wakubwa. Kilichobaki ni picha ya mgonjwa akivuta dawa.

Asubuhi ya safari alipitia bandani. Sultani alikuwa amezamisha pua kwenye majani makavu, vumbi linafuka, anatafuna raha mustarehe. Kifuniko kilikuwa kimejaa mahindi ya kuku. Kichupa hakipo, na Kombo hayupo.

"Mwizi mkubwa!" Sospeter alifoka, akaiona Dodoma inamponyoka. Picha ataipigaje? Akarukia bodaboda mpaka Ndagoni, na njia nzima alikuwa anapanga maneno ya kuwaambia polisi: mtu anauza dawa ya mgonjwa, mgonjwa mwenyewe hana mdomo wa kujisemea.

Uani kwa Kombo moshi wa makumbi ulikuwa ukifuka kutoka jikoni. Kombo alipomwona, ndoo ilimdondoka.

"Kiko wapi kichupa cha farasi?"

Kombo alisogea tu kando ya mlango wa jiko, kichwa kimeinama.

Ndani, mkewe Mize alikuwa ameacha kukuna nazi, kichupa cha buluu kiko mdomoni. Alivuta mara moja, akavuta ya pili, akashusha pumzi ndefu.

"Shikamoo, daktari," alisema, akacheka mpaka mabega yakatikisika, na pumzi isikatike. "Farasi ni mimi."

Sospeter alikaa juu ya kinu, akatoa fomu mfukoni, akaandika: Sultani asiachishwe dawa maisha yake yote.