Dirisha la Bi Mwatumu

Bi Mwatumu alikisukuma kiti chake cha magurudumu hadi mbele ya dirisha la nyumba yake mpya, ambayo ilikuwa bado haijaezekwa.

"Fundi Pandu, mbona naona mawingu tu?"

"Ndicho kimo cha madirisha yote, mama."

"Kimo cha wanaosimama. Mawingu nimeyatazama miaka arobaini kwenye nyumba za kupanga."

Fundi akageuza ndoo, akaketi kando yake, akatazama. Kisha akachukua tindo, akabomoa safu tatu za matofali chini ya dirisha, saruji ikiwa bado mbichi.

Barabara yote ikaonekana: muuza mihogo, mbuzi, wanafunzi wakikimbizana. Bi Mwatumu akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Mwanamke mmoja mpita njia akasimama, akamtazama usoni. "Hujambo, jirani?"