Kipara cha Sihaba

Sihaba alinyoa kipara sokoni mchana kweupe, na mumewe, Shekuwe, alikuwa hai. Katika mji ule mwanamke hanyoi kichwa mpaka afiwe na mume. Sihaba alilijua hilo vizuri. Alikuwa msanii wa maonyesho ya hadharani; sanaa zake zote za nyuma watu walizicheka, na safari hii alitaka wakasirike mbele ya kamera. Aliitega juu ya kreti la soda, akashika wembe, akaapa kutosema neno mpaka jua lizame.

Muuza nyanya alimwona, akaangua kilio. "Uwii! Shekuwe katutoka!"

Soko zima likaenda msibani. Kamera ikabaki inarekodi meza tupu.

Jua lilipozama Sihaba alirudi nyumbani. Alikuta turubai limefungwa uani, na Shekuwe amekaa katikati ya waombolezaji, anatafuna mfupa.

"Wewe! Hukuwaambia kama u mzima?"

"Niliwaambia, mke wangu. Wakasema mbuzi washachinjwa, nisilete ubishi."

Sanaa ile ilikula nywele zote za Sihaba, mbuzi wao wawili na gunia la mchele, na matanga yalikuwa yamebakiza siku mbili.