Bibi wa Roshani ya Ghorofa ya Tatu

Mvua ilikuwa inanyunya, na bado yule bibi wa ghorofa ya tatu alikuwa ameanika godoro lake kwenye roshani.

"Umeona?" Kocha Kuramochi alimuuliza nahodha wake, Hirasawa. "Nani anaanika godoro kwenye mvua?"

Hirasawa alitazama juu. Bibi alilipiga godoro fimbo mbili tatu, akatulia, akautazama uwanja wa mazoezi, akaandika kitu kwenye daftari la rangi ya chungwa. Halafu fimbo tena.

"Labda anaandika matumizi ya nyumbani, kocha."

"Na hilo shuka la kijani pembeni yake?"

Kijani ni rangi ya Asagiri, timu ya ng'ambo ya mto, ambayo wangecheza nayo Jumamosi, mechi ya mwisho ya msimu. Wakifungwa wanashuka daraja, na mkataba wa Kuramochi ulikuwa unaishia hapo hapo. Hii ilikuwa klabu yake ya tatu katika miaka mitano ya ukocha. Mkewe, Sumire, alishamwambia: "Baba Chihaya, nimefunga maboksi ya kuhama mara tatu. Mara ya nne nitafunga ya kwako tu."

Sasa, Kuramochi alicheza beki wa kati miaka kumi na sita, na mtu akikaa kwenye kazi ile muda wote huo harudi tena kuwa wa kawaida. Kila mtu amwonaye, yeye humdhania anataka kumpita mgongoni. Dukani anapanga foleni akiwa amesimama upande upande. Kwenye harusi ya mdogo wake alimganda bwana harusi mpaka kwenye meza ya keki, na hakuna aliyejua kwa nini, hata yeye.

Jioni ile alimweleza Sumire habari ya bibi.

"Tangu tuhamie hapa mwezi wa pili hujaenda kuwasalimia majirani wa uwanja," Sumire alisema. "Mpelekee kopo la biskuti, muombe radhi kwa kelele zenu. Utajua ni nani."

"Beki hampelekei mshambuliaji biskuti."

Akaamua kumchezea bibi akili. Kuanzia Jumatatu, mazoezi ya uwanjani yakawa ya kumfurahisha jasusi. Vijana walikimbia kinyumenyume. Kipa alipiga kona arobaini, na mbili zikaangukia kwenye maegesho ya magari. Siku ya tatu wote kumi na mmoja walipanga mstari, wakashikana mikono na kusogea kushoto, kulia, kushoto. Hirasawa, mwenye watoto wawili shuleni, aliona aibu mpaka masikio yakawa mekundu. Bibi aliandika kurasa nzima.

Kazi ya kweli ilifanyika bafuni. Klabu ina bafu kubwa la kuoga pamoja, na madirisha yake yanafungika vizuri. Kuramochi alipanga sabuni kumi na moja kwenye vigae, mabeseni yakawa Asagiri, na vijana wakachuchumaa kuzunguka, taulo vichwani.

"Mimi ni sabuni ipi, kocha?" kipa aliuliza.

"Hiyo kubwa. Usiteleze."

Kila siku walisukuma sabuni kwa muda wa saa mbili, mpaka vidole vikajikunja kwa maji.

Jumatano jioni simu ililia. Alikuwa Mwenyekiti Tsukahara, mwenye klabu na mwenye kiwanda cha mchuzi wa soya, ambaye hajawahi kukanyaga mazoezini hata siku moja.

"Kuramochi, nasikia kipa anapiga kona siku hizi."

Moyo wa Kuramochi uliruka kwa furaha. Kama uvumi umemfikia mwenyekiti ndani ya kiwanda chake, basi Asagiri wamejua tangu jana.

"Ni mipango, Mwenyekiti," alijibu. Hakuongeza neno, maana beki hamwamini hata mwenyekiti.

"Mipango," Tsukahara alirudia polepole, akakata simu.

"Imeingia," Kuramochi alimwambia mkewe. "Wameimeza yote."

"Umemweleza Mwenyekiti lakini?"

"Nitamweleza tukishinda."

Jumamosi walishinda tatu bila. Asagiri walicheza ovyo, na Kuramochi aliona ni dawa yake inafanya kazi. Vijana walimbeba wakamrusha hewani mara tatu, na kule juu mtu mzima alilia waziwazi. Sumire, jukwaani, alilia pia. Chihaya asingehama shule tena.

Jumapili Kuramochi alipita makusudi chini ya ile roshani. Alisimama, akainama kwa heshima zote, zile za kumkejeli aliyeshindwa. Bibi naye aliinama kutoka juu. Kisha akachukua daftari lake akaandika.

Jumatatu asubuhi Kuramochi aliitwa ofisini kwa Mwenyekiti. Alivaa suti ya harusi na kutia mfukoni muhuri wake wa kugonga mkataba. Mwenyekiti alimmiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, akampongeza, akauliza hali ya familia. Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa daftari la rangi ya chungwa na kuvaa miwani.

"'Jumatatu,'" alisoma. "'Wamekimbia kinyumenyume nusu saa. Wamekaa bafuni saa mbili nzima. Jumanne: kipa, kona arobaini. Bafuni saa mbili. Jumatano: wameshikana mikono. Bafuni.'" Alifunua ukurasa. "'Jumamosi: tumeshinda tatu bila. Jumapili: kocha amenisalimia, mara ya kwanza tangu mwezi wa pili.'"

Alivua miwani.

"Mama yangu hajakosa mazoezi hata siku moja tangu marehemu baba aanzishe klabu hii, iwe mvua, iwe jua. Anauliza, kama vijana wanashinda hivi bila kufundishwa chochote, kocha ni wa kazi gani?"