Jezi Namba Tisa ya Osée

“Musiifue! Nani alisema ifuliwe?”

Gérard aliipokonya jezi mikononi mwa mfua nguo wa hoteli, akaitandaza mezani. Jezi ya kijani, namba tisa, imejaa udongo mwekundu uliokauka hadi kwenye kola. Udongo wa uwanja, alisema, na huo udongo ndio utakaouza. Miaka arobaini na bado umo! Hawa watu wa Bunia hawajui kitu, wanachojua ni kufua tu.

Alikuwa ametumwa kutoka Lubumbashi na Tarvel, kampuni ya nguo za michezo iliyokuwa ikitimiza miaka sitini. Mabango yalishabandikwa mji mzima: TARVEL, INADUMU KULIKO ANAYEIVAA. Kilichokosekana ni jezi yenyewe, ile aliyoivaa Osée, mshambuliaji wa Bunia, siku alipofunga mabao matatu kwenye fainali. Mkurugenzi alimwambia waziwazi: ukiikosa, usirudi kazini.

Siku ya kwanza alikwenda mtaa wa Lumumba, kwa Honorine, mjane wa Osée. Akakataa kiti kwa sababu ya vumbi. Akainama kufuta viatu vyake, mama wa watu amesimama na sahani ya karanga aliyomletea, hakuna wa kuipokea.

“Mama, taja bei ya jezi.”

“Ile maillot haina bei, papa. Ni ya Osée.”

“Osée si alikufa mwaka jana?”

“Najua. Ni miye nilimulilia. Lakini ni yake. Acha nikuelezee...”

“Mama, siye watu wa Tarvel hatuna wakati ya hadithi.”

Akatoka. Bibi mjanja huyu, alijisemea garini, anangoja dau lipande. Akaenda moja kwa moja redioni kutangaza kwamba atakayeleta jezi ya Osée atapewa pikipiki mpya.

Mtangazaji, Élise, alisoma karatasi mara mbili, akashusha miwani. “Papa, ile maillot...”

“Weye soma tu. Hawakulipi kwa kufikiri.”

Élise akasoma. Tangu hapo hakuna aliyejisumbua tena kumwambia neno. Mtu anayejua kila kitu utamwambia nini? Walimtazama akipita na gari lake, wakaguna, wakaendelea na shughuli zao.

Siku ya nne akaja Chance, dereva wa pikipiki za abiria, na mfuko wa plastiki. Hakutaka kukaa, hakutaka kupigwa picha, hakutaka kusema ameitoa wapi. Gérard hakuuliza mara mbili. Ushamba tu huo, alidhani. Lebo ilikuwa ya kweli, ya Tarvel ya zamani, na kitambaa nailoni safi, hakijaliwa na mdudu hata mmoja. Chance alipokea ufunguo wa pikipiki, akashika barabara ya Komanda bila hata kungoja karatasi zake.

Kulikuwa na kasoro moja tu. Mgongoni jezi ilikuwa imepasuka kutoka kola hadi pindo, mstari ulionyooka, umepita katikati ya ile tisa, kisha imeshonwa ovyo kwa uzi mpya. Gérard aliitazama, akapiga makofi peke yake. Beki! Beki alimvuta Osée, na Osée akafunga hivyo hivyo! Bango jipya likatoka siku ileile: ILICHANWA NA BEKI, HAIKUSHINDWA.

Jumapili uwanja ulijaa. Kamera tatu, fanfare ya matarumbeta, bwana mkubwa Gérard kavaa suti mpya. Honorine alikuja kwa miguu bila kualikwa, akapenya hadi mbele. Gérard alipomwona alifurahi. Sasa anataka fungu lake, alijisemea, na mjane akilia kidogo picha itapendeza. Akampandisha jukwaani, akamtia jezi mikononi na kipaza sauti mdomoni.

“Mama, ambia watu. Ni yenyewe ao si yenyewe?”

Honorine aliigeuza jezi. Akaupitisha mkono juu ya ule udongo, akaufikia mshono wa mgongoni, akaufuata kwa kidole polepole kutoka kola hadi chini. Wanawake waliokuwa karibu na jukwaa walishashika vichwa.

“Ni yenyewe,” alisema.

Gérard akarusha mikono juu. “Mumesikia! Mumesikia kwa kinywa chake! Na hapa, mama, ni beki gani aliipasula?”

“Hapana beki. Ni miye, na makasi,” alisema Honorine. “Mwili ya Osée ilishakauka, mikono ikakatala kukunjika. Nilipasula mugongo ndipo tukaweza kumuvalisha, mbele ya kufunga sanduku na kumuzika.”