Filemoni Sura ya Pili

Kalamu ilitoboa karatasi. Mhadhiri hakujali, aliendelea kuuzungushia mstari ule ule mpaka wino ukachafua ukurasa wa chini yake.

"Filemoni 2:6." Hata mtoto wa shule ya Jumapili angekwambia kwamba Waraka kwa Filemoni una sura moja tu. Sura ya pili haipo! Ila ilikuwapo mahali pamoja: ukurasa wa mia na kumi na mbili wa kitabu cha Profesa, ambacho kila anayesomea uzamili wa teolojia pale chuoni hukisoma muhula wa kwanza. Kila mwaka wanafunzi huliona kosa lile wakacheka, na Profesa hucheka nao. "Kosa la mpiga chapa hilo," husema.

Na sasa kosa lile lile limo ndani ya tasnifu ya mwanafunzi anayesimamiwa na Mhadhiri, pamoja na kurasa tisa zinazofanana na za Profesa neno kwa neno. Wenzake darasani walimwita Muuguzi, kwa sababu alikuja akiwa na sare zake za wodini. Tanbihi yake ndiyo iliyompandisha Mhadhiri mori: "Madaftari ya mahubiri ya baba yangu, mwinjilisti." Mwinjilisti aliyeishia shule ya msingi! Yaani kuiba aibe, halafu amsingizie na baba yake mzazi. Na rasimu za sura zake zote zilizotangulia Mhadhiri amezisoma, nyingine akiwa kitandani na homa.

Alishuka ngazi mbilimbili, akaingia ofisini kwa Profesa bila hodi, akamwekea kurasa mezani kwa kishindo. Mzee huyu ndiye aliyemsomesha, ndiye aliyempigania apate kazi. Kumwibia yeye kulikuwa kumwibia Mhadhiri mwenyewe.

Profesa alisoma. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Yaache, mwanangu. Mwambie aiandike upya sura hiyo, yaishe."

"Yaishe? Mzee, umeibiwa mchana kweupe!"

"Maneno ya Mungu hayana mwenyewe. Tusimwanike mtoto wa watu."

"Mtoto wa watu gani, ana miaka arobaini!"

Profesa alimshika mkono, akamsihi tena kwa sauti ya chini. Mhadhiri alitoka na machozi ya hasira. Ndiyo maana wema huonewa, hawana wa kuwasemea. Basi yeye atasema, tena mbele ya watu.

Alijua anachokitaka. Sheria ya chuo ilikuwa wazi: ikithibitika umeiba maandishi, unafukuzwa, na makanisa yote yanapelekewa jina lako. Hospitali ilishamwekea Muuguzi nafasi ya mchungaji wa wagonjwa, akisubiriwa tu ahitimu. Aikose! Njia ya mwongo ni fupi.

Siku ya utetezi wa tasnifu Profesa aliomba udhuru, eti presha imempanda. Mhadhiri akamfuata nyumbani, akambembeleza, akamleta kwa gari lake mwenyewe. Alimvutia kiti katikati ya meza, karibu na mtahini wa nje, mama mmoja mkavu kutoka chuo kingine.

"Swali langu ni moja," Mhadhiri alisema hata kabla Muuguzi hajakaa vizuri. "Filemoni sura ya pili umeitoa wapi?"

"Kwa baba yangu, Mwalimu. Nimeandika kwenye tanbihi."

"Kwani baba yako alikuwa na Biblia yake peke yake?"

"Ndiyo."

Mtahini wa nje alicheka. Muuguzi hakucheka.

"Ukurasa wa Filemoni ulichanika, nusu ya chini ikapotea," alisema. "Baba akaazima Biblia ya jirani, akanakili mistari iliyokosekana kwenye karatasi ya daftari, akaishonea humo kwa sindano na uzi. Hakuwa msomi. Alipoanza karatasi mpya akaanza na hesabu mpya: sura ya pili, mstari wa kwanza. Alihubiri hivyo hadi anakufa." Sauti yake ilianza kupanda. "Na mimi nimekaa darasani kwenu muhula mzima wa kwanza nikiwasikia mnamcheka. Mnamcheka baba yangu, nami nimenyamaza! Leo sinyamazi."

"Hadithi tamu sana," Mhadhiri alisema. "Hiyo kamsimulie bibi yako. Ushahidi uko wapi?"

Muuguzi alitoa daftari kwenye mkoba, akalisukuma mezani. Jalada lilikuwa limeliwa na mende pembeni.

"Profesa ametulia mno," mtahini wa nje alisema. "Mzee, hujambo?"

Lakini Mhadhiri alikuwa ameshalinyakua daftari, analipekua kwa pupa. Mwandiko wa penseli, herufi kubwa kubwa za mtu aliyeishia shule ya msingi. Zile kurasa tisa zilikuwamo, neno kwa neno. Tarehe ya juu ilikitangulia kitabu cha Profesa kwa miaka saba.

Tarehe! Tarehe hata mtoto anaweza kuiandika jana usiku. Alifungua ukurasa wa mwisho, tayari kusema hivyo kwa sauti.

Pale chini, kwa wino, mtu mwingine alikuwa ameandika: "Mwinjilisti, nimemaliza kunakili. Asante kwa kunilaza na kunilisha miezi yangu yote mitatu ya mafunzo ya uchungaji. Mungu akulipe." Hapakuwa na jina, lakini Mhadhiri hakulihitaji, maana mwandiko ule mwembamba, ulioinamia kushoto, ndio uliomsahihishia kila alichoandika tangu akiwa na miaka ishirini.