Mfungwa wa Sikukuu ya Folkmar

Asubuhi ile, ndani ya kanisa kuu la Hallingen, kila mwanamume aliyehusika aliitwa Folkmar. Mtakatifu aliyelala chini ya altare alikuwa Folkmar. Askofu aliyesimama juu yake alikuwa Folkmar. Wafungwa wawili waliokuwa mnarani waliitwa Folkmar pia, na ni mmoja tu ambaye angetoka.

Ndivyo ilivyokuwa desturi ya sikukuu hiyo. Askofu alimfungulia mfungwa mmoja mwenye jina la mtakatifu, mradi mama mzazi apige magoti kwa ajili yake juu ya sakafu tupu, tangu kengele ya kwanza hadi mwisho wa misa.

Walipiga magoti wanawake wawili. Wa kwanza alikuwa Bi Hadwig wa ngomeni, dada yake askofu. Mwanawe alilewa bia akachoma ghala la shayiri la watawa. Wa pili alikuwa kizee Gisla, mwenye joho la sufu lenye viraka, ambaye alikuwa ametembea kutwa nzima kutoka juu mtoni. Mfungwa aliyeombewa naye alikuwa askari wa kukodiwa. Alimuua mfinyanzi mmoja njiani ili amnyang'anye farasi, kisha akakimbilia kanisani akaishika altare. Tangu hapo alikuwa amekaa mnarani chini ya amani ya mtakatifu, na hata mfalme asingeweza kumgusa. Hakuna aliyejua kwao ni wapi. Sikukuu zilikuja zikapita, na hakuna mama aliyetokea.

"Umechelewa kumkumbuka mwanao," Bi Hadwig alimnong'oneza.

"Sijamsahau hata siku moja, bibiye."

"Basi sogea kidogo. Joho lako linanuka kondoo."

"Ni la kondoo, bibiye. Wako ndiye anayenuka moshi."

Waliokuwa karibu waliangua kicheko, hadi shemasi akawakemea.

Misa ilikuwa ndefu na sakafu ilikuwa baridi. Gisla alitetemeka midomo, lakini hakusogea. Bi Hadwig alikuwa ametulia kama aliyeketi nyumbani kwake, na watu wakaanza kumsifu. Kumbe! Alipojinyosha kidogo wakati wa komunyo, pembe ya mto wa kulalia ikachungulia chini ya gauni.

"Kapigia mto magoti!" mwuza samaki mmoja alipaza sauti. "Mto wa manyoya ya bata! Wewe mama, unamwombea mwanao au unataga?"

Kanisa zima lilivuma. Bi Hadwig alimtazama askofu. "Kaka, wanyamazishe hawa."

"Hapa mimi si kaka yako," askofu alisema, uso umemwiva. Lakini hakutaka kushindwa upesi. Alishuka ngazi akamwinamia Gisla.

"Mama, fikiri vizuri. Huyo unayemwombea amemwaga damu. Yule mwingine amechoma shayiri tu."

"Najua, Baba Askofu. Shayiri imeshaota tena."

Wengi walidhani anaungama aibu ya mwanawe, na wanawake kadhaa wakajifuta macho.

"Huna watoto wengine wa kukutunza?"

"Ninao, Baba. Lakini Folkmar nilimzaa mmoja tu."

Askofu alishusha pumzi. Likabaki swali moja ambalo sheria ilimtaka aulize, naye aliliuliza kwa sauti ya kutumaini.

"Kama yupo hapa ndugu wa marehemu, asiyetaka mtu huyu afunguliwe, na aseme."

Aliyatazama makundi ya watu, nguzo hadi nguzo. Hakuna aliyesema. Gisla aliinama hadi paji la uso likagusa jiwe.

"Afunguliwe," askofu alisema.

"Leo hii, Baba? Hatarudi tena humu?"

"Leo hii, mama. Akishavuka daraja si wetu tena. Nenda naye."

Walimleta. Alikuwa mrefu, mweupe kama chipukizi lililoota gizani, akikunja macho kwa ajili ya mwanga. Alipoonyeshwa kizee akasita kidogo, kisha akaenda kupiga magoti mbele yake. Gisla alimshika mkono. Hakumbusu, na watu walisema ni uchungu mwingi. Mwuza samaki aliwapa mkate wa shayiri, mwingine akawatilia matofaa kwenye joho. Watoto waliwasindikiza wakiimba wimbo wa mtakatifu, na kwa muda mfupi mji ule ulijiona kuwa mji mwema.

Bi Hadwig alibaki mlangoni. "Furahi," alimwambia Gisla alipopita. "Wangu analala humo mwaka mwingine."

Gisla alisimama. "Shukuru, bibiye. Unajua anakolala."

Darajani watoto waligeuka kurudi. Yule mwanamume alitembea hadi katikati ya daraja, akiyatazama maji. Kisha akacheka kidogo.

"Niambie sasa, mama. Nani amekutuma? Kapteni wangu?"

"Tembea."

"Maana mama yangu alikufa nikiwa bado nanyonya. Nilipokuona pale nikasema, kama huyu kizee amepotea, mimi sitamrudisha njiani." Akang'ata tofaa. "Unanitaka nikulimie? Nitakulimia. Sina ubishi."

Walivuka. Upande wa pili njia ilishuka kwenye mierebi, na mji haukuonekana tena. Wanaume watatu walikuwa wameketi pale nyasini, kila mmoja na shoka lake, wakila jibini. Walipomwona kizee wakainuka na kupangusa mikono.

Mwanamume aliacha kutafuna. Akajaribu kuuvuta mkono wake.

"Wanangu," Gisla alisema, huku ameung'ang'ania kwa vidole vyote, "huyu ndiye aliyemuua Folkmar wetu."